Je, unaweza kujiwekea damu yako mwenyewe kabla ya kubadilishwa nyonga?

Miezi mitatu iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Tabora mjini, dada anayeishi Ipuli. Baba yake ni mkulima wa tumbaku huko Urambo, ana miaka 61, na nyonga yake ya kulia imekwisha. Hawezi kuchuchumaa, hawezi kufunga kamba za viatu bila kusaidiwa, na usiku akijigeuza kitandani nyumba nzima inajua. Picha ya eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimesagika. Daktari akaandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam akawekewe nyonga bandia.

Mzee alikubali yote: safari, kulala kwa ndugu Mbagala, hata wazo la kukatwa mfupa na kuwekewa chuma. Kilichomshinda ni damu. Aliambiwa kwamba huenda akahitaji kuongezewa, naye hataki damu ya mtu asiyemjua. "Nitaamka nina damu ya Mzaramo," aliwaambia wanawe, na wanaojua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulioanza enzi za misafara ya kwenda pwani, wataelewa kwamba hapo alikuwa anatania nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa hofu ya kweli.

Ndipo mjukuu wake aliyeko chuo akaleta habari mpya. Alisoma kwamba Ulaya na Marekani mtu anaweza kutoa damu yake mwenyewe wiki chache kabla ya upasuaji, ikahifadhiwa kwenye jokofu, kisha akarudishiwa siku ya kupasuliwa. Mzee akachangamka. Hiyo ndiyo anayoitaka. Binti yake akaniuliza swali fupi: inawezekana?

Inawezekana, na mjukuu hakudanganya. Lakini kwa baba huyu nilijibu hapana, na nadhani wengi wenu mnaosubiri upasuaji kama huu mngepata jibu hilo hilo. Nitaeleza kwa nini, maana katika sababu hizo ndimo ilimo kazi ambayo mgonjwa anaweza kuianza leo akiwa nyumbani kwake.

Damu inatoka wapi, inaenda wapi

Mtu mzima ana damu kama lita tano mwilini, pungufu kidogo kwa wenye umbo dogo. Katika upasuaji wa kubadilisha nyonga, daktari hufungua misuli minene, hukata kichwa cha mfupa wa paja, hukwangua kikombe cha nyonga na kupenyeza chuma ndani ya mfupa. Mfupa hauwezi kubanwa kwa koleo kama mshipa, kwa hiyo damu huchuruzika, nyingine wakati wa upasuaji na nyingine kimyakimya ndani ya paja kwa siku mbili tatu baadaye. Jumla yake inaweza kufika lita moja, wakati mwingine zaidi.

Aliyeingia na damu nyingi hupoteza hiyo na kubaki salama. Aliyeingia na damu kidogo hufika mahali ambapo moyo na ubongo vinaanza kukosa hewa ya oksijeni, na hapo huongezewa. Mambo haya mawili, yaani kiasi ulichoingia nacho na kiasi utakachopoteza, ndiyo yanayoamua.

Njia anayoisema mjukuu hufanyika hivi. Tarehe ya upasuaji ikishapangwa, mgonjwa hutolewa chupa moja ya damu, takribani mililita 450 (tunaita chupa ingawa siku hizi ni mfuko wa plastiki). Baada ya wiki moja anaweza kutoa ya pili. Chupa ya mwisho isitolewe chini ya saa 72 kabla ya upasuaji, na ni bora zaidi ikitangulia kwa muda mrefu kuliko huo ili mwili upate nafasi ya kujijaza. Damu huandikwa jina la mwenyewe na kutunzwa kwenye jokofu maalumu. Kwa dawa ya kuhifadhia inayotumika sana, hukaa siku 35 tu, ndipo inapaswa kumwagwa. Ili mtu akubaliwe, himoglobini yake, ambayo wengi wetu tunaiita tu "wingi wa damu", isiwe chini ya gramu 11 kwa desilita.

Njia hii ilipata umaarufu mkubwa nchi za Magharibi miaka ya 1980, na sababu yake tunaijua vizuri hapa kwetu. Ukimwi uliingia, kipimo cha damu kikachelewa, na watu waliongezewa damu yenye virusi. Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ukiona mzee wa miaka 61 anaogopa damu ya mtu mwingine, usimcheke. Alikuwa kijana miaka hiyo, na alizika watu.

Wenzetu hao sasa wameiacha kwa kiasi kikubwa. Waliacha kwa kuwa damu ya kuchangiwa ilipata vipimo vizuri, na kwa kuwa waligundua jambo ambalo ukilifikiri kidogo liko wazi: ukimtoa mtu damu wiki mbili kabla ya kumpasua, unampeleka chumba cha upasuaji akiwa na damu pungufu. Kila chupa moja hushusha himoglobini kwa karibu gramu moja. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu zenyewe huchukua wiki kadhaa. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa zilionyesha kwamba waliojiwekea damu walihitaji damu ya watu wengine mara chache zaidi, sawa, ila kwa jumla waliongezewa damu mara nyingi zaidi kuliko wasiojiwekea. Na chupa nyingi hazikutumika, zikamwagwa, kwa kuwa mara nyingi damu ya namna hiyo haipewi mtu mwingine.

Wala isidhaniwe kwamba damu yako mwenyewe haina hatari yoyote. Muuguzi anaweza kuchanganya lebo. Mfuko unaweza kuingia bakteria. Ukiitoa ukiwa na maambukizi ambayo hujayajua, utarudishiwa maambukizi yako mwenyewe, yakiwa yamelelewa wiki tatu ndani ya mfuko.

Safari ya Tabora hadi Dar

Kwa mkazi wa Tabora kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi, nalo ni njia.

Misafara ya zamani ilichukua kama miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi hapa, kupitia Mpwapwa na Ugogo, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Leo ukipanda basi alfajiri unalala Dar. Hata hivyo, damu uliyoitoa Tabora haitakufuata kwenye basi. Inapaswa kutolewa, kupimwa, kuwekewa lebo na kutunzwa na hospitali ile ile itakayokupasua, au benki ya damu inayofanya nayo kazi moja kwa moja. Maana yake, mzee wa Urambo angelazimika kuwa Dar wiki nne kabla ya upasuaji, atoe chupa ya kwanza, asubiri, atoe ya pili, asubiri tena. Hapo tarehe isisogezwe! Ikisogezwa wiki mbili kwa sababu vifaa havijafika au ajali zimejaza vitanda, siku 35 zinakwisha, damu inamwagwa, na mgonjwa amebaki na upungufu aliousababisha mwenyewe. Kwa hospitali zetu, tarehe kusogea si jambo la ajabu.

Kwa hiyo hata pale ambapo wataalamu wanaweza kuifanya, huduma hii ni nadra nchini. Kama wewe unaishi karibu na hospitali kubwa, una damu ya kutosha, tarehe yako ni ya uhakika, na hasa kama una kundi la damu lisilopatikana kirahisi au umewahi kuongezewa damu mara nyingi kiasi kwamba sasa damu za wengine hazikubaliani na yako, hapo muulize daktari wako bila aibu. Hao ndio watu ambao njia hii bado ina maana kwao. Aliyevunjika nyonga jana kwa kuteleza bafuni hayumo kabisa, kwani upasuaji wake hausubiri wiki nne.

Zipo pia njia mbili za kutumia damu yako mwenyewe siku ile ile. Moja ni kukutoa chupa moja au mbili mezani, kabla kisu hakijagusa ngozi, ukiongezewa maji ya dripu, kisha kurudishiwa mwishoni. Nyingine ni kuikusanya inayomwagika, kuisafisha kwa mashine na kuirudisha. Hii ya pili ina ndugu yake wa kienyeji: katika hospitali nyingi za wilaya barani Afrika, mama anapofika mimba ya nje ya kizazi ikiwa imepasuka, madaktari wamekuwa wakichota damu iliyojaa tumboni, wanaichuja kwa shashi safi na kumrudishia. Imeokoa wengi mahali ambapo jokofu la damu lilikuwa tupu. Mashine ya kusafishia, lakini, usitegemee kuikuta kila mahali.

Damu ya mzee ilikuwa kumi nukta nne

Nilimwomba dada wa Ipuli anitumie majibu ya vipimo vya baba yake. Himoglobini ilikuwa 10.4. Hiyo peke yake ilifunga mjadala wa kujiwekea damu, kwa sababu hakuna cha kuweka akiba. Ila ilifungua mjadala mkubwa zaidi, ambao hakuna aliyekuwa ameuanzisha nyumbani: kwa nini mwanaume mzima ana damu kumi?

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanaume mwenye himoglobini chini ya 13 ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mjamzito ni chini ya 12. Wataalamu wengi wa upasuaji mkubwa wangependa kila mmoja, awe mwanaume au mwanamke, aingie na 13. Mzee wetu alikuwa anakwenda kupoteza lita moja akiwa ameanzia chini ya mstari. Angeongezewa damu karibu kwa hakika, au angefika Dar, apimwe, arudishwe nyumbani akapandishe damu kwanza. Nauli imekwenda, mwezi umekwenda, na nyonga bado inauma.

Sababu za upungufu wa damu kwetu Tabora hazihitaji kutafutwa mbali. Malaria ni ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta mkoa huu unaongoza nchini kwa watoto wenye vimelea, takribani asilimia 23. Watu wazima hawaugui sana kama watoto, lakini vimelea vya muda mrefu hula damu polepole. Minyoo ya safura huingia kupitia nyayo za mtu anayelima pekupeku na kunyonya damu utumbo mzima, miaka na miaka. Kichocho huitoa kwenye mkojo au choo kwa wanaoshinda majarubani.

Yupo mwizi mwingine, na huyu ndiye mwenye nyonga mbovu humkaribisha mwenyewe: vidonge vya maumivu. Mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa miaka mitatu, tena mara nyingine bila kula, anaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kidogo kidogo bila yeye kuona. Choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, na humezi vidonge vya madini chuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mzee wa Urambo alikuwa akinunua diklofenaki dukani tangu mwaka juzi. Wengine huchanganyiwa na prednisoloni, "ile dawa nzuri inayoondoa maumivu yote", na nasikitika kusema kwamba dawa hiyo ikitumika muda mrefu bila usimamizi ni moja ya mambo yanayoua kichwa cha mfupa wa paja. Unatibu nyonga ya kulia, unaharibu ya kushoto.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza damu itatoka kwa nani, uliza yako imekwenda wapi. Fanya hivyo mapema, wiki sita hadi nane kabla, hapa hapa Tabora. Omba kipimo cha picha kamili ya damu, malaria, choo na mkojo. Ikionekana kuna upungufu wa madini chuma, utapewa vidonge, vile vile wanavyopewa wajawazito kliniki. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, ndiyo maana nasema mapema. Vimeze na maji au juisi ya chungwa au embe, mbali na chai na maziwa, kwa sababu vinywaji hivyo viwili huzuia madini chuma kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida ya vidonge. Vikikuletea kichefuchefu, usiache kimyakimya. Mwambie daktari, anaweza kukupa siku moja kuruka moja au kukuandikia ya sindano.

Chakula kinasaidia, hakitoshi peke yake. Maini, nyama na dagaa wa Kigoma, ambao bado wanatufikia kwa njia ile ile ya zamani ya Ujiji, vina madini chuma ambayo mwili huyapokea kirahisi. Nsansa, maharage na karanga vinayo pia lakini hupokelewa kwa shida zaidi, kwa hiyo vile na tunda chachu pembeni, na chai isubiri saa moja au mbili. Juisi ya rozela na ya kiazi chekundu watu wameipa heshima kubwa kwa sababu ya rangi. Kunywa kama unaipenda. Rangi nyekundu haigeuki damu, na gilasi tatu kwa siku hazitampandisha mtu kutoka 10 hadi 13.

Mwenye sikoseli, simama hapa

Aya hii ni ya wazazi. Wengi hudhani nyonga bandia ni habari za wazee. Ulaya ndivyo ilivyo zaidi. Malawi, ambako tangu mwaka 2005 wana daftari la kitaifa la waliobadilishiwa viungo, sababu kubwa ya kubadilishwa nyonga imekuwa kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja, na wagonjwa wake wengi ni watu ambao bado wana nguvu za kufanya kazi. Sikoseli, au selimundu, ni moja ya visababishi: chembe zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa, nacho hufa na kubonyea. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Kijana wako wa sikoseli akianza kuchechemea au kulalamikia maumivu ya kinena yanayodumu, usiseme "ni maumivu yake ya kawaida". Mpeleke apigwe picha. Ikigunduliwa mapema, yapo ya kufanya kabla ya kufikia nyonga bandia.

Mgonjwa wa sikoseli hajiwekei damu yake. Himoglobini yake iko chini siku zote, na damu yake haivumilii vizuri kukaa kwenye mfuko. Na msimpe vidonge vya madini chuma kwa kuona tu damu iko 8. Kama ameongezewa damu mara nyingi, madini chuma yanaweza kuwa tayari yamejaa na yanadhuru ini na moyo. Vidonge vya foliki asidi aendelee navyo. Yeye anahitaji mpango wa damu unaopangwa na daktari wa damu pamoja na daktari wa mifupa wiki nyingi kabla, damu iliyolinganishwa kwa makini zaidi ya makundi ya kawaida.

Najua mzazi hapo atasema, "Basi mnitoe mimi nimpe mwanangu." Moyo huo nauheshimu, lakini damu ya ndugu wa karibu sana si lazima iwe salama kuliko ya mgeni, katika hali adimu chembe nyeupe za ndugu huweza kumshambulia mpokeaji kwa sababu mwili wake haukuzitambua kuwa ni za mgeni. Ukitaka kumsaidia mwanao, kachangie benki ya damu, wao watampa inayomfaa.

Damu ya mtu usiyemjua

Turudi kwenye hofu ya mzee, maana 10.4 inaweza kupanda lakini hofu nayo inahitaji jibu.

Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao walipita hapa Unyanyembe wamebeba mwili wa David Livingstone kuupeleka pwani. Ulipofika London, daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka karibu thelathini nyuma na kuunga vibaya. Siku hizo mfupa ulivyojiunga ndivyo ulivyokaa, na mtu aliyeongezewa damu alikuwa anacheza kamari, kwa sababu makundi ya damu hayakujulikana hadi Karl Landsteiner alipoyagundua mwaka 1901. Nyonga bandia ya kisasa ilikuja na John Charnley wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwetu, mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo cha Kanda ya Magharibi kiko hapa hapa Tabora. Kila chupa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hatari haijawa sifuri, hakuna nchi ambako ni sifuri, lakini si damu ya mwaka 1985. Madaktari pia hawaongezi damu ovyo kama zamani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliopasuliwa baada ya kuvunjika nyonga, ulionyesha kwamba kusubiri hadi himoglobini ishuke kufikia 8, au mgonjwa aonyeshe dalili, hakukuwa na madhara zaidi kuliko kuongeza damu mara ikifika chini ya 10. Na ipo dawa, asidi ya traneksamiki, ile ile wanayopewa akina mama wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ambayo ikichomwa wakati wa upasuaji wa nyonga hupunguza sana kuvuja. Muulize daktari kama unaweza kuipata, na mwambie kama umewahi kuganda damu mguuni au kupata degedege. Mwambie pia kama unameza aspirini au wafarini, usiache mwenyewe.

Kuhusu kuamka na damu ya Mzaramo, nilimjibu mzee kupitia binti yake kwamba chembe nyekundu huishi siku kama 120 tu. Hata akiongezewa, baada ya miezi minne Mzaramo atakuwa amekwisha kuondoka na Mnyamwezi amebaki peke yake. Nasikia alicheka.

Jambo la mwisho ni la ndugu. Hospitali nyingi bado huwaomba jamaa wa mgonjwa waje kuchangia. Usingoje siku ya upasuaji ukaanza kupiga simu. Watu wawili watatu wenye afya, umri kati ya miaka 18 na 65, uzito wa kilo 50 na zaidi, waende wiki kadhaa kabla. Mwanaume anaweza kuchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Uliza hospitali inayokupasua inataka wachangie wapi. Na mtu akikwambia kuna chupa inauzwa, mkatae na utoe taarifa, damu haiuzwi.

Wiki iliyopita dada wa Ipuli aliniandikia tena. Safura ilikutwa kwenye choo na imetibiwa. Diklofenaki imesimama, daktari amempa paracetamol, na mzee analalamika kila siku kwamba haifiki nguvu za ile nyingine. Baada ya wiki tisa za vidonge himoglobini imefika 12.7. Wajukuu wawili walioko Mbagala wameshachangia damu, pamoja na shemeji yao, ambaye ni Mzaramo. Tarehe ya upasuaji imepangwa, imesogezwa mara moja, na sasa imepangwa tena.